Watazamaji 413: Mtangazaji wa Besiboli Ni wa Nani?

Alhamisi ya tarehe 22 Septemba 1966, mchana wa mawingu na unyevunyevu jijini New York, timu ya Yankees ilikuwa nyumbani ikicheza na White Sox ya Chicago. Uwanja wa Yankee Stadium wakati huo ulikuwa na viti zaidi ya 60,000. Waliokata tiketi siku hiyo walikuwa 413. Hebu soma tena: si elfu nne, ni mia nne na kumi na tatu. Kuna harusi za mtaani zinazokusanya watu wengi kuliko hao.

Red Barber alikuwa kwenye chumba cha matangazo, akiitangaza mechi hiyo kwa televisheni. Aliviangalia vile viti vitupu akaona kwamba hiyo ndiyo habari ya siku. Akamwomba mwongozaji wa matangazo ageuze kamera ionyeshe majukwaa. Akakataliwa. Agizo lilikuwa limetoka kwa watu wa klabu: majukwaa yasionyeshwe. Sasa kamera si yake, lakini maiki iko mbele yake. Akawaambia watazamaji kwamba hajui ni wangapi hasa waliolipa, ila hao walioingia ni wachache kuliko siku nyingine yoyote katika historia ya uwanja ule, na kwamba habari ya leo ni hao, si mchezo.

Siku chache baadaye rais mpya wa klabu, Mike Burke, alimwita wakapate kifungua kinywa. Barber alikwenda akidhani wanakwenda kuzungumzia mkataba mpya. Akaambiwa hakuna mkataba mpya. Alikuwa na umri wa miaka 58, na miaka 33 kati ya hiyo aliitumia kutangaza besiboli ya ligi kuu. Kazi ikaishia mezani, kikombe cha kahawa kikiwa bado na moto. Wapo wanaosema uamuzi ulishapikwa kabla ya mchana ule wa viti vitupu. Inawezekana. Lakini hakuna anayekumbuka kisa hicho kwa namna nyingine, na nadhani kuna sababu.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, inabidi kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Timu ya ligi kuu ya Marekani leo hucheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku kuanzia majira ya kuchipua hadi mwanzoni mwa Oktoba. Mchezo wenyewe ni wa polepole. Mrushaji anajiandaa, anatazama huku na huku, anarusha, mpigaji anakosa, wanaanza upya. Kati ya mrusho na mrusho kuna ukimya, na ukimya huo ni wa mtangazaji kuujaza. Matokeo yake ni kwamba sauti moja inaingia nyumbani kwa watu jioni baada ya jioni, miaka ishirini, thelathini. Mtoto anakua akiisikia. Mgonjwa anaisikiliza kitandani. Wachezaji wanauzwa, makocha wanafukuzwa, sauti inabaki. Muulize mzee wa Brooklyn au Chicago kuhusu timu yake ya utotoni, na kabla hajafika mbali atakutajia mtangazaji.

Ila mtangazaji huyo, tofauti na mwandishi wa gazeti, mara nyingi huajiriwa na klabu yenyewe, au na kituo ambacho hakimpi mtu maiki bila klabu kuridhia. Msikilizaji anamhesabu kuwa ni mtu wake, mwenye klabu naye anamhesabu kuwa ni mtu wake. Timu ikishinda, hakuna tatizo, wote wawili wako sahihi. Tatizo huanza timu inapofungwa.

Barber alizaliwa mwaka 1908 katika mji wa Columbus, jimbo la Mississippi, na lafudhi ya Kusini haikumtoka maisha yake yote. Aliyempa kazi ya kwanza ya besiboli, Cincinnati mwaka 1934, ni Larry MacPhail, mtu mwenye kelele na mwenye kuona mbali. Wakati huo wenye timu wengi waliiogopa redio: kama mtu anaweza kuisikia mechi nyumbani bure, atakuja uwanjani kufanya nini? Timu tatu za New York zilikuwa hata na makubaliano ya kutotangaza mechi zao. MacPhail alipohamia Brooklyn kuiongoza Dodgers, aliyaacha makubaliano hayo, na mwaka 1939 akamleta Barber. Mwaka huohuo, tarehe 26 Agosti, mechi ya ligi kuu ilionyeshwa kwenye televisheni kwa mara ya kwanza, na mtangazaji alikuwa Barber.

Watu walimpenda kwa kitu kimoja: alisema alichokiona. Mezani aliweka chupa ndogo ya mchanga, ile ya kupimia yai la kuchemsha, ya dakika tatu. Kila mchanga ulipokwisha aliigeuza na kutaja matokeo, kwa sababu alijua kuna mtu amewasha redio sasa hivi na hajui nani anaongoza. Mwenyewe alipenda kusimulia onyo alilolisikia mwaka 1935, kabla ya fainali, kutoka kwa Kenesaw Mountain Landis, jaji aliyekuwa mkuu wa besiboli yote. Landis aliwaambia watangazaji hivi, kwa maneno yangu: mchezaji akija hadi kwenye kiti changu akanitemea mate ya tumbaku usoni, semeni amekuja, semeni ametema, semeni yameniangukia kiasi gani. Mlivyojisikia nyinyi, hilo liacheni hotelini.

Somo hilo lilijaribiwa mwaka 1945, pale Branch Rickey, aliyekuwa ameshika uongozi wa Dodgers, alipomnong'oneza kwamba anakusudia kumleta mchezaji mweusi. Barber alikuwa mtoto wa Kusini, amelelewa katika ubaguzi kama samaki anavyolelewa majini. Alikwenda nyumbani akamwambia mkewe, Lylah, kwamba anaacha kazi. Mkewe akamshauri asiwe na haraka. Alipolitafakari akaona kwamba hakuna aliyemwomba ahukumu nani acheze; kazi yake ni kusema mpira umekwenda wapi. Jackie Robinson alipoingia uwanjani Aprili 1947, Barber alimtangaza kama alivyomtangaza mchezaji mwingine yeyote. Kwa watu wengi wa Brooklyn ambao hawakufika uwanjani, Robinson waliyemjua kwanza ni yule wa sauti ya Barber. Naye baadaye alikiri kwamba Robinson alimsaidia yeye zaidi ya yeye alivyomsaidia Robinson.

Aliondoka Brooklyn mwaka 1953 baada ya kugombania haki ya kujadili ujira wake wa kutangaza fainali na kuona kwamba mwenye timu, Walter O'Malley, hamuungi mkono. Kiti chake kwenye fainali hiyo akapewa kijana wa miaka 25 aliyekuwa amemfundisha mwenyewe, Vin Scully, ambaye alikaa na Dodgers hadi mwaka 2016. Barber akavuka mto kwenda Yankees.

Kwa miaka kumi mambo yalikwenda, kwa sababu Yankees walikuwa wanashinda, na mshindi hana la kuficha. Halafu mwaka 1964 kampuni ya CBS ikainunua klabu. Mwaka huo huo Mel Allen, sauti ya Yankees kwa miaka mingi, akaondolewa bila kuelezwa vizuri ni kwa nini. Nyota wakazeeka. Mwaka 1966 Yankees wakashika mkia, jambo ambalo halijawatokea tangu 1912. Ndipo ikaja Alhamisi ile.

Turuke sasa miaka 38, tuhamie Chicago, kwenye timu nyingine kabisa: Cubs. Hawa hawakuwa na ufalme wa kuuombolezea. Hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1908, mwaka aliozaliwa Barber. Oktoba 2003 walibakiza kuwatoa wapigaji watano tu wafike fainali, wakiongoza 3–0, wakafungwa 8–3, na mechi iliyofuata wakafungwa tena. Kwa hiyo msimu wa 2004 ulianza na hamu iliyopitiliza. Timu ilikuwa na warushaji wazuri, ilikuwa na wapigaji wa nguvu, na katikati ya msimu ikamwongeza Nomar Garciaparra. Mwaka huu hawana kisingizio, watu walisema.

Mchambuzi wao kwenye televisheni alikuwa Steve Stone. Huyu hakuwa mtu wa maneno tu. Alikuwa mrushaji, na mwaka 1980, akiwa na Baltimore Orioles, alishinda mechi 25 na kutwaa tuzo ya Cy Young, inayopewa mrushaji bora wa ligi. Alianza kutangaza Cubs mwaka 1983 pembeni ya Harry Caray, mzee aliyekuwa maarufu Chicago kuliko meya. Caray alipofariki mwaka 1998, Stone akaendelea na mjukuu wake, Chip. Aliacha kazi kwa muda kwa sababu ya maradhi, akarejea mwaka 2003. Sifa yake ilikuwa moja: aliona kitu kabla hakijatokea. Atasema kocha akimwacha mrushaji huyu aendelee, ataadhibiwa. Na kweli, dakika mbili baadaye mpira uko juu ya ukuta.

Sasa fikiria wewe ni mchezaji uliyefungwa, umerudi nyumbani, na mkeo anakuambia Stone alishasema. Mwaka ule wachezaji wa Cubs walianza kuwa na masikio marefu. Kent Mercker, mrushaji, alipiga simu kwenye chumba cha matangazo mechi ikiwa inaendelea, akilalamika kwamba watangazaji wanawasifu mno wapinzani. Moises Alou naye alisema hadharani kwamba watu hao hawako upande wa timu. Kocha Dusty Baker hakufurahia kuona maamuzi yake yakichambuliwa usiku baada ya usiku.

Wiki ya mwisho ya Septemba Cubs walikuwa mbele katika mbio za nafasi ya ziada ya mtoano, ile ambayo wakati huo ilipewa timu bora kati ya zisizoongoza kundi. Tarehe 25, ugenini New York dhidi ya Mets, walikuwa wakiongoza 3–0, wamebakiza mpigaji mmoja tu wamalize. Kijana Victor Diaz akaupiga mpira nje ya uwanja, ikawa 3–3, na baadaye Cubs wakafungwa. Baada ya hapo ilikuwa kama gari lililokatika breki mteremkoni. Tarehe 30, nyumbani, walifungwa na Cincinnati 2–1 katika mizunguko 12 badala ya 9 ya kawaida.

Siku hiyo Stone akiwa hewani akasema alichokuwa nacho moyoni. Kwa ufupi: hawa ni watu wenye vipaji vikubwa, lakini wanaangalia kila upande isipokuwa pale wanapotakiwa kuangalia; wanatoa visingizio; timu kama hii ilipaswa iwe imeshapata nafasi hiyo zamani, tena kwa kuwaacha wenzao mbali. Hakumtukana mtu. Alisema kile ambacho kila kinyozi wa Chicago alikuwa akikisema tangu Jumapili. Lakini kinyozi halipwi na Cubs.

Katika mechi tisa za mwisho Cubs walipoteza saba. Msimu ukaisha, Stone akaitwa kwa wakubwa, maneno yakawa mengi magazetini. Klabu ilisema inataka aendelee mwaka 2005. Tarehe 28 Oktoba akatangaza kwamba anaondoka mwenyewe. Hakufukuzwa, hilo lisemwe kwa haki. Ila mtu anaweza kuachiwa mlango wazi kwa namna ambayo anaelewa kwamba afadhali atoke. Chip Caray naye alishapata kazi Atlanta.

Kilichonifanya niviweke pamoja visa hivi viwili si kufanana kwa watu. Barber na Stone hawakufanana. Barber alitaja hesabu: watu ni wachache. Hakusema kwa nini, wala hakusema ni kosa la nani. Landis mwenyewe angemkubali. Stone alitoa hukumu, kwa sababu mchambuzi ameajiriwa ahukumu. Ukiwa mkali unaweza kusema kwamba Barber alinyimwa haki yake na Stone alivuka mpaka. Mimi naona kinyume chake ndicho kinachotufundisha. Kama shida ingekuwa ukali wa maneno, Barber angekuwa salama. Mbele ya mwenye klabu aliyeudhika, hesabu na hukumu vina uzito sawa.

Kinachofanana ni wenye mali. Mwaka 1966 Yankees walikuwa mali ya CBS, kampuni ambayo biashara yake ni redio na televisheni, na ambayo idara yake ya habari ilikuwa fahari ya nchi nzima. Burke mwenyewe alitokea humo. Mwaka 2004 Cubs walikuwa mali ya kampuni ya Tribune, tangu 1981, na kampuni hiyo ilikuwa pia na gazeti la Chicago Tribune na kituo cha WGN kilichorusha mechi. Na ukitaka kustaajabu zaidi: kituo cha WPIX, kilichokuwa kikirusha mechi za Yankees enzi za Barber, kilikuwa cha gazeti la Daily News la New York, na gazeti hilo lenyewe lilikuwa chini ya Tribune hiyohiyo.

Ungetarajia watu wa habari waelewe thamani ya mtu anayesema anachokiona. Haikuwa hivyo, na nadhani sababu si siri. Mwenye timu wa zamani alikuwa anauza tiketi. Matangazo kwake yalikuwa tangazo la bure, na mtangazaji mkweli alimletea watu. MacPhail alilijua hilo. Mwenye timu aliye na kituo anauza mechi yenyewe kama kipindi, na viti vitupu ndani ya kipindi chake ni doa kwenye bidhaa. Jaji mwenyewe ndiye mwenye ng'ombe. Na ukoo wa MacPhail unaifunga hadithi hii kwa namna ya kusikitisha: rais wa Cubs aliyekuwa ofisini mwaka 2004 Stone alipoondoka alikuwa Andy MacPhail, mjukuu wa Larry, yule aliyempa Barber maiki ya kwanza.

Nisije nikawaonea wachezaji. Mercker alikuwa na hoja. Mtu anapigwa mawe na wapinzani, na magazeti, na mashabiki; je, hata sauti inayolipwa kutoka kwenye mfuko uleule unaomlipa yeye nayo imrushie? Na mwenye klabu anaweza kukuuliza: muuza samaki gani anamwajiri mtu asimame mezani kwake aseme samaki wa leo wameharibika? Ni swali zuri. Jibu lake liko kwa wazee wetu: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msikilizaji si mpita njia sokoni. Yeye amekuwa na hiyo timu tangu utotoni na atakuwa nayo hadi kaburini. Hatahama ukimwambia samaki wameharibika. Atakachoacha ni kumwamini muuzaji. Siku ukimwambia mchezo huu ni mzuri ajabu, atakuwa hana namna ya kujua kama ni kweli au ni mshahara unaozungumza.

Tena kimya hakikuwasaidia. Siku ya mwisho ya msimu wa 2004 nyota wa Cubs, Sammy Sosa, aliondoka uwanjani mapema. Akasema alikaa hadi mchezo ulipokaribia kwisha. Klabu ikatoa picha za kamera ya ulinzi zikionyesha gari lake likitoka mechi ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Yaani safari hii kamera iligeuzwa! Sosa akauzwa Baltimore. Alou akaenda San Francisco, Mercker akaenda Cincinnati. Msimu uliofuata mkosoaji hayupo, waliokosolewa hawapo, na Cubs walishinda mechi 79 wakapoteza 83. Mwaka 2006 walipoteza 96 wakashika mkia, na Baker akaondoka. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua.

Jambo moja linaivuruga kidogo hoja yangu, na nitalisema. Aliyechukua kiti cha Stone ni Bob Brenly, kocha aliyewahi kutwaa ubingwa na Arizona, na huyo naye hakuwa mtu wa kupaka watu mafuta. Alikosoa, tena wazi, na alikaa misimu minane. Kwa hiyo si kweli kwamba haiwezekani. Inategemea nani yuko ofisini, na wachezaji gani wako chini, na mwaka huo hasira imefika wapi. Hiyo ndiyo shida yenyewe: uhuru unaotegemea hali ya hewa ya ofisi si uhuru wa kujengea nyumba.

Stone hakwenda mbali. Mwaka 2008 alianza kutangaza White Sox, mjini humohumo, upande wa kusini, na mwaka uliofuata akahamia kwenye televisheni yao. Barber hakurudi tena kuwa sauti ya timu yoyote. Aliandika vitabu. Mwaka 1978 yeye na Mel Allen, wote wawili walioachwa na Yankees, walikuwa wa kwanza kupewa tuzo ya Ford C. Frick, heshima kubwa kuliko zote kwa watangazaji wa besiboli. Na kuanzia mwaka 1981, kila Ijumaa asubuhi, kwa dakika chache, redio ya umma ya taifa ilimpigia simu nyumbani kwake Tallahassee, Florida, azungumze na Bob Edwards. Walizungumza besiboli, na maua ya bustanini kwake, na paka wake, na lolote lililokuja. Watu walisubiri Ijumaa. Aliendelea hadi alipofariki Oktoba 1992.

Mechi ile ya Alhamisi Yankees walifungwa. Kwa mabao mangapi? Nani alirusha, nani alipiga? Utayapata ukiyatafuta, lakini hakuna anayeyatafuta. Kilichobaki ni 413. Barber aliwaambia mchana uleule kwamba habari ilikuwa hiyo.